Meli Iliyopandishwa Cheo

Jamhuri ya Makofi ipo. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani, utajichosha bure. Wachora ramani waliwahi kuomba vipimo vyake, wakaletewa vikubwa hata nchi ikawa haienei kwenye karatasi, nao wakaamua kuiacha. Mimi nasimulia kama nilivyosimuliwa, na aliyenisimulia ni mwenyeji wa huko, kwa hiyo kila tarakimu utakayoisikia humu igawe kwanza kwa tatu ndipo uiamini. Isipokuwa za Bi Mwanahija. Hizo ziache kama zilivyo.

Huyu Mwanahija binti Makungu alikuwa Afisa Mfuatiliaji wa Vyombo, Daraja la Nne, katika Wizara ya Mafuta na Matarajio. Daraja la Tano halikuwepo. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta, ghorofani katika ofisi ya bandari ya Shangwe, akiangalia meli zinavyotembea baharini. Kila meli ilionekana kwenye kioo kama kipembetatu kidogo cha kijani. Ukikibonyeza kinakutajia jina, urefu, mwendo, na sehemu gani ya meli imezama majini. Chumbani humo alikaa pamoja na Mzee Hatibu, rubani wa bandari, yule anayepanda kwenye meli ngeni na kuiongoza mpaka gatini. Chini ya dirisha lao palikuwa na dimbwi ambalo Wizara ya Afya ilishalitangaza kuwa ziwa, na mbu wake hawakuwa na adabu hata kidogo.

Sasa isikie desturi ya nchi ile, maana bila hiyo hutaelewa kitu. Kule Makofi, tarakimu ikishatamkwa na mkubwa ikapigiwa makofi, haishuki. Kupanda, ruksa. Kushuka ni uhaini. Na kwa kuwa mkubwa hawezi kujua kidogo kuliko mdogo wake, karatasi ikipanda ngazi, tarakimu zake nazo hupanda. Hakuna anayeuita uongo. Wenyewe wanasema ni heshima. Ndiyo maana kilima cha Shangwe, ambacho mbuzi hukipanda bila kuhema, kwenye vitabu vya shule kina theluji.

*

Mwaka huo dizeli ilikuwa imepumzika. Neno "imekwisha" lilikuwa limezuiwa. Malori yalilala barabarani, mashine za kusaga zilinyamaza, na umeme wa taifa nao ukaenda likizo bila kusema utarudi lini. Ndipo Wizara ikafanikiwa kuagiza shehena kutoka nchi jirani, na Jumatatu moja kipembetatu kipya kikatokea kwenye kioo cha Mwanahija.

Akajaza fomu kwa mkono wake. Jina: Chiriku. Aina: meli ya mafuta, ndogo. Urefu: mita themanini na nne. Inazama majini: mita tano na nusu. Mwendo: maili tisa kwa saa, upepo ukiwa na huruma. Mabaharia: kumi na wawili. Umri: miaka thelathini na mmoja.

Alikifuatilia kipembetatu kile kuliko vyote alivyowahi kuvifuatilia, na sababu anayo. Mdogo wake, Tausi, alikuwa hospitalini na mimba ya miezi tisa, na mtoto amelala kingamo tumboni. Daktari alishasema wazi kwamba huyo hatoki bila upasuaji, na upasuaji ni Ijumaa asubuhi. Lakini pipa la jenereta la hospitali lilikuwa limebaki robo.

"Taa ninazo mpaka Alhamisi," daktari alimwambia. "Ijumaa nitakuwa na imani tu."

*

Fomu ilipofika kwa Mkurugenzi, Bwana Kasembe, aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena.

"Bi Mwanahija, hapa umeniandikia meli au mtumbwi?"

"Meli, bosi. Ni ndogo, lakini imebeba lita milioni tatu."

"Ndogo!" Bwana Kasembe aliinuka akafunga mlango. "Neno hilo litamke nyumbani kwako, tena umejifunika shuka."

Akachukua kalamu. Themanini na nne ikawa mia na ishirini. Tano na nusu ikawa saba. Mabaharia wakawa ishirini. Alipofika kwenye umri, kalamu ikasita.

"Umri wa meli si sifa, bosi," Mwanahija akasema taratibu.

"Usinifundishe kazi. Tarakimu ni tarakimu." Akaandika hamsini.

Waziri, Mheshimiwa Dokta Nguzo, naye hakutaka kuonekana mnyonge: mita mia na themanini, inazama tisa, mabaharia arobaini, umri themanini. Ikabaki zamu ya Mlezi wa Taifa mwenyewe, uwanjani, mbele ya wananchi.

"Inakuja!" alinguruma. "Meli yenye urefu wa mita mia tatu! Inayozama mita kumi na moja! Yenye mabaharia sitini! Na umri wa miaka mia na kumi!"

Yaani ilianza kubeba dizeli wakati nchi ile haijaona hata gari moja. Makofi yakavuma. Karani wa Makofi, ambaye kazi yake ni kuhesabu wapigaji katika kila shughuli, aliandika watu mia nne. Gazeti la serikali likatoa elfu kumi, kwa sababu nalo lina ngazi zake.

*

Chiriku ilifika Jumanne saa mbili asubuhi. Ikatia nanga nje kidogo ya lango la bandari, na hapo hapo ikakwama. Haikukwama mchangani, ilikwama kwenye kanuni. Kanuni ya tatu ya bandari inasema chombo kinachozama kufikia kina cha bandari au kukipita hakiingii, na kina cha Shangwe ni mita sita. Katika kanuni zote za nchi, hiyo ndiyo pekee iliyoandikwa na mtu mwenye akili timamu, na tazama ilivyowaponza.

"Shikamoo, mzee wangu," Mwanahija alimwambia Mzee Hatibu. "Nakuomba ukailete."

"Marahaba, mwanangu. Ile naiingiza nimefumba jicho moja," akajibu mzee. "Lakini karatasi ya Mlezi inasema kumi na moja. Nikiingiza kumi na moja kwenye sita, ama nimevunja kanuni, ama nimemwita Mlezi mwongo. Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Nichague lipi?"

Redio ikakoroma mezani.

"Shangwe, Shangwe, hapa Chiriku." Ilikuwa sauti ya Nahodha Feruzi, na tayari ilikuwa imechoka. "Mbona hamji kunichukua?"

"Nahodha, wewe unazama mita kumi na moja."

"Dada yangu, meli yangu hii, kutoka chini kabisa mpaka juu ninaposimama, haifiki mita nane. Ningekuwa nimezama kumi na moja, saa hizi ningekuwa naongea na pweza."

"Ndivyo ilivyotangazwa na Mlezi."

"Kwani amewahi kuiona?"

"Hajaiona, ila ameipenda."

Baada ya hapo Idara ya Uhamiaji nayo ikapenda kujua mabaharia wengine arobaini na wanane wamejificha wapi.

Watu wakajaa ufukweni kuangalia maajabu. Walikuwa wameahidiwa mita mia tatu, wanaona kimeli ambacho mtu anaweza kukimaliza kutoka kichwa hadi mkia kabla hajamaliza muwa. Minong'ono ikaanza, na Waziri akaletwa na kipaza sauti.

"Wananchi, sayansi inatufundisha kwamba kitu kikiwa mbali huonekana kidogo!"

"Mbali wapi, Mheshimiwa?" akasema mama mmoja muuza vitumbua. "Mbona mpishi wao namwona anaanika kaptura, na viraka vyake nimeshavihesabu, ni vitatu?"

Waziri akainama, akashauriana na wasaidizi wake, akainuka. "Mpishi naye," akatangaza, "ni mkubwa."

Watu wakapiga makofi, maana askari walikuwa wamesimama karibu.

*

Jumatano mchana Mwanahija alikwenda hospitali na uji. Kitanda cha Tausi kilikuwa dirishani, na dirisha lilitazama bahari.

"Dada, ndiyo ile?"

"Ndiyo ile."

"Imebeba dizeli?"

"Imebeba mpaka shingoni."

"Sasa si uiambie iingie?" Tausi alicheka kidogo, akashika tumbo, akaacha kucheka. "Dada, mimi naogopa. Daktari leo amepita mara tatu, na mara zote haangalii tumbo langu, anaangalia taa."

Mwanahija alimshika mkono, akamnywesha uji. Alitoka pale na hasira. Hakumkasirikia Mlezi peke yake. Alijikasirikia mwenyewe, miaka kumi na mmoja ya kuandika kweli kwenye fomu na kuiacha ipande ngazi ikadhalilishwe, na yeye anakunywa chai.

Alipofika ofisini akamkuta Bwana Kasembe anamngoja. Mlezi angekuja kesho kuhutubia bandarini na kuipokea meli. Hakuwa na habari kwamba meli imekataliwa, kwa sababu kule Makofi tarakimu ndizo zinazojua kupanda ngazi, habari mbaya hazijui. Ilitakiwa karatasi ya maelezo ya meli, ichapwe upya, haraka.

Mwanahija akachapa mita mia tatu. Akachapa kumi na moja. Vidole vikasimama. Kushuka ni uhaini, akawaza. Kupanda, ruksa. Na nani kasema inayopanda ni lazima iwe meli?

Akaongeza mstari mmoja chini: Kina cha bandari ya Shangwe, mita sita. Ilikuwa kweli tupu, lakini aliichapa harakaharaka kama mwizi.

"Na hii ya nini?" Bwana Kasembe aliuliza.

"Bosi, mgeni akisifiwa, na nyumba anayofikia isisifiwe?"

"Eh! Kweli kabisa." Akachukua kalamu, akafikiri, akaandika saba.

Saba! Mtu aliyezoea kukuza kila kinachopita mezani kwake, siku hiyo ubahili ukamshika.

"Saba tu, bosi? Kwa mtu wa cheo chako?"

Bwana Kasembe akatazama kiti chake, akatazama saba, akaikata akaandika nane. Jioni nakala ikarudi kutoka kwa Waziri: tisa. Mwanahija akahesabu kwa vidole. Meli inazama kumi na moja, na kumi na moja haiingii kwenye kumi na moja. Zilihitajika kumi na mbili. Aliyebaki ni mmoja tu, na huyo kinywa chake hakina mwenyewe.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi Mlezi alisimama gatini, nyuma yake Chiriku ikionekana vizuri pamoja na kaptura ya mpishi. Alisifu meli, akasifu dizeli, akasifu subira ya wananchi ambao hawakuwa na la kufanya ila kusubiri. Kisha akageuza karatasi.

"Na bandari yetu hii, ndugu zangu, bandari ya damu na jasho letu, ina kina cha mita kumi na..."

Akapaliwa, akakohoa. Msaidizi akakimbia kuleta maji. Mlezi akanywa taratibu, akajifuta mdomo, akakunja leso.

Mwanahija, katikati ya umati, alikuwa amefumba macho. "Isiwe moja, ya Rabi," alinong'ona. "Chochote, isiwe moja."

"...nne!"

Mwanahija alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Karani wa Makofi alimwandika mara mbili. Gazeti lilitoa watu elfu arobaini.

Mzee Hatibu alikuwa ameshavaa kofia. "Kumi na moja inaingia kwenye kumi na nne," alisema akishuka ngazi, "na hakuna mtu aliyeitwa mwongo." Akaiingiza Chiriku huku nusu mita ya maji imebaki chini yake, na akaiweka gatini bila kugusa kitu. Uhamiaji waliohitaji pasi sitini za kusafiria walipewa zile kumi na mbili mara tano tano, wakaridhika. Kufikia alasiri pipa la hospitali lilikuwa linamwagika.

Ijumaa saa nne asubuhi alizaliwa mtoto wa kike. Muuguzi akamweka kwenye mizani, akachukua kadi, akamtazama Mwanahija.

"Mama mkubwa, niandike ngapi?"

"Mizani inasemaje?"

"Kilo mbili na gramu mia nane."

"Basi andika hivyo hivyo," alisema Mwanahija, na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa.

*

Hadithi ingekuwa ya watu wenye bahati, ingeishia hapo. Lakini kina cha mita kumi na nne kilikuwa kimechapwa gazetini, na magazeti husomwa hata na wasiotuhusu.

Mwezi wa pili baada ya hapo, kipembetatu kipya kikatokea. Mwanahija akakibonyeza, na chai ikampalia. Jina: Jabali. Meli ya mafuta. Urefu: mita mia tatu. Inazama majini: mita kumi na moja. Mabaharia: ishirini na wanne. Hii hakuipandisha cheo mtu yeyote, iliundwa hivyo. Na ilikuwa inakuja Shangwe.

Hii nimeiita mimi, akawaza. Sita niliiandika mimi. Wakaipandisha wao, lakini nilijua wataipandisha, ndiyo maana niliiandika.

Alikimbilia kwa Bwana Kasembe. "Bosi, kina ni mita sita!"

"Kina ni kumi na nne. Nilikuwepo, nikapiga makofi."

"Itajikita mchangani, itapasuka! Mafuta yote baharini, na watu ishirini na wanne ndani!"

"Ikijikita," alisema Bwana Kasembe kwa utulivu, "itakuwa imejikita kwenye kina cha mita kumi na nne. Kosa litakuwa lake." Mwanahija alipokimbilia redio chumbani kwake, Bwana Kasembe alichukua gazeti la serikali, akamfuata, akasimama mlangoni kulinda tarakimu.

Mzee Hatibu alikuwa kwenye kona yake, karibu na dirisha. Redio ikakoroma.

"Shangwe, hapa Jabali. Nimebakiza maili tatu. Mnathibitisha kina chenu ni mita kumi na nne?"

Bwana Kasembe akainua gazeti juu ili Mwanahija asome vizuri. Mwanahija alimwona Tausi, akamwona mtoto ambaye sasa alikuwa anajua kucheka, akajiona yeye mwenyewe kizimbani kwa uhaini, na akaogopa kweli. Hakuna haja ya kumpamba. Akabonyeza kitufe.

"Jabali, hapa Shangwe. Kina ni mita sita. Narudia, sita. Usiingie."

Chumba kikanyamaza. Gazeti likateleza mkononi mwa Bwana Kasembe. Kitufe cha redio Mwanahija alikuwa bado amekikandamiza, kidole kimekataa kutoka. Na katika kimya kile, kutoka kwenye kona ya Mzee Hatibu, ikasikika: pa!

Kofi moja. Mwanahija akaachia kitufe.

Nahodha wa Jabali hakuwa mgeni wa pwani ile, na desturi za Makofi alizijua. "Nimesikia sita," alisema, "na nimesikia imepigiwa kofi. Nageuza."

Mwanahija akakaa akiangalia kipembetatu kikizunguka taratibu, taratibu, mpaka kikaelekeza kichwa baharini.

*

Bwana Kasembe aliandika ripoti ya mashtaka siku hiyo hiyo: mtumishi ameshusha tarakimu hadharani. Kwa mujibu wa sheria ilibidi ataje pia idadi ya waliopiga makofi. Alijua ni mmoja, na alikusudia kuandika mmoja. Lakini mkono una mazoea yake, tena karatasi ilikuwa inakwenda juu. Akaandika ishirini.

Waziri hawezi kujua watu ishirini tu, sawa na mkurugenzi wake. Akaandika elfu mbili. Kufika mezani kwa Mlezi, wasaidizi walikuwa wameshafikisha elfu sitini, na Mlezi alipoisoma akapigwa na butwaa.

"Kumbe kuna tarakimu inapendwa na watu elfu sitini na mimi siijui?"

Jumapili akahutubia. Alieleza kwamba kumi na nne ilipigiwa makofi na watu elfu arobaini, na sita imepigiwa na elfu sitini, kwa hiyo sita ndiyo kubwa, na bandari ya Shangwe haikushuka bali imepanda. Uwanja ukalipuka. Mashtaka yakafutwa, na Mwanahija akapandishwa Daraja la Tatu, kiti kile kile, dirisha lile lile.

Kesho yake alinunua vitumbua kwa yule mama wa ufukweni, akamwekea Mzee Hatibu mezani.

"Mzee wangu, siku ile ungepoteza kila kitu, na umebakiza miaka miwili tu. Ahsante kwa lile kofi."

Mzee Hatibu alichukua kitumbua, akakiangalia, akaangalia mlango kama kuna mtu, kisha akaangalia dimbwi pale chini.

"Kofi gani, mwanangu?" akasema. "Nilikuwa naua mbu."

"Ulimpata?"

"Nilimkosa."